Kahawa ya Barafu na Miche ya Mtu wa Rombo

Machame, 6 Septemba 2024

Dada Veronika,

Shikamoo. Naiweka hapo juu kabisa ili usije ukasema sikuiweka, kama ulivyosema kwenye barua ya Pasaka. Miaka miwili uliyonizidi si mingi, na mimi ndiye mwanamume, na kihamba cha baba, shamba la ukoo, kiko mikononi mwangu. Lakini shikamoo.

Sisi hatujambo. Mke wangu Elinipendo goti linamsumbua lakini mdomo hausumbuki. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, mzuri kuliko ndama wote wa ukoo wa Sifael hapo jirani, na Sifael mwenyewe amekuja kumtazama akaondoka bila kusema kitu, ndiyo nikajua. Mchungaji mpya amefika. Anahubiri kwa kifupi, watu wanamsifu, mimi bado namwangalia.

Simu usinipigie. Kwenye simu unanikata kabla sijamaliza, karatasi huwezi kuikata. Julius kondakta wa basi la Tarakea amekubali kubeba.

Sasa sikiliza. Nina mashine. Mjukuu wangu Loveness, yule binti wa Aminieli anayefanya kazi Dar, alikuja nayo likizo. Mama yake huko mjini, Soweto, alisema jiko lake halina nafasi ya madubwana, basi dubwana likapanda mlima kuja kwangu. Kazi yake ni hii: unachanganya kahawa na maziwa na sukari, unamimina kwenye kopo lake, yamekuja kadhaa, unaliweka kwenye friza ya Elinipendo anamogandishia barafu za watoto wa shule. Kesho yake limekuwa jiwe. Unalifunga kwenye mashine, kisu kinashuka kinazunguka kinakwangua lile jiwe, linatoka kama uji mzito wa baridi. Unakula kwa kijiko au unavuta kwa mrija. Loveness anasema Dar watu wanapanga foleni. Alinionyesha mara moja akataka kunionyesha tena, nikamwambia mara moja inatosha, mimi ndiye niliyekuwa nazungusha mashine ya kumenyea kahawa ya kijiji kizima kabla baba yako hajazaliwa.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Aminieli anataka kung'oa kahawa. Yote, dada. Ile aliyopanda baba, mpaka ile ya nyuma ya zizi. Amesema Krismasi watu wote wakiwa nyumbani tutakaa tukubaliane, na mwezi wa kwanza miti ing'olewe, masika yakija ipandwe miche ya parachichi. Anasema, "Baba, kahawa imekuchosha wewe, usituachie na sisi ituchoshe." Mtoto niliyemsomesha kwa hiyo hiyo kahawa! Na ameshaleta miche, pikapu nzima, imepangwa pale kwenye uzio kama wageni waliokuja bila kualikwa.

Sitagombana naye. Siku hiyo ya Krismasi nitawapa wote kahawa ya mashine, kahawa ya kihamba hiki, nione nani atakuwa na uso wa kushika shoka.

Nilimuuliza miche kakupa nani, akasema mtu wa Rombo. Wewe huko Rombo unajua watu wote. Niulizie ni nani huyo.

Ni mimi mdogo wako,
Eliufoo


Tarakea, 21 Septemba 2024

Eliufoo,

Marahaba. Umeiandika vizuri, herufi zote zipo.

Barua ilichelewa kwa sababu Julius aliifungia maandazi, nimeipata na mafuta yake. Hapa tuko salama. Jumapili tulimfanyia marehemu shemeji yako Sirili misa ya mwaka wa tano, kwaya iliimba vizuri, ungekuwepo ungesema Walutheri wanaimba zaidi, basi ni vizuri hukuwepo. Nyonga yangu ni ile ile. Soko limechangamka, Wakenya wanavuka asubuhi na magunia matupu na jioni yamejaa.

Mashine nimeisikia. Pongezi. Hongera ya ndama pia.

Nina swali moja dogo tu. Wewe kahawa umeinywa lini? Mimi nimelelewa nyumba moja na wewe, nikakuacha ukiwa na ndevu, na kila asubuhi nilikuona na kikombe cha chai. Baba alikuwa anatuambia kahawa ni ya chama cha ushirika, anayeinywa anakunywa ada yake ya shule. Sasa utawapa watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kinafananaje mdomoni?

Nisalimie Elinipendo. Mwambie nimemtumia dawa ya kuchua goti, imo kwenye bahasha ya pili.

Veronika


Machame, 12 Oktoba 2024

Dada Veronika,

Shikamoo.

Dawa imefika, goti limepata nafuu, sasa anatembea kuja kunisemea karibu.

Aminieli alipanda juzi na mkewe Goodness. Walileta sukari na sabuni. Aliimwagilia miche yake akaniambia, "Baba, angalia inavyopendeza." Nikaangalia ng'ombe.

Kazi ya mashine inaendelea vizuri sana. Mara ya kwanza ilitokea shida kidogo ambayo si ya mashine wala si yangu. Nilichukua kahawa yangu safi, ile niliyoiosha na kuianika mwenyewe kwenye chekeche, ya daraja la kwanza, nikaimwaga kwenye kikaango na maganda yake nikaikaanga kama mahindi. Dada, ilitoka moshi! Maganda yalishika moto, yakaanza kuruka kama panzi. Sifael akaja mbio na ndoo ya maji akiita, "Meku, mzee wangu, nyumba inaungua!" akatumwagia mimi na kikaango. Ile iliyobaki nikaitwanga nikaichemsha hivyo hivyo. Elinipendo alionja akasema ni kama kulamba jiko. Mwanamke huyu hajui vitu vya kisasa.

Basi nikaigandisha. Kopo nikaliegemeza juu ya barafu za watoto, likaganda limelala upande, na nilipolifunga kwenye mashine ikapiga kelele, mbuzi wakakata kamba. Nikaizima kwa heshima.

Umeniuliza swali kwenye barua yako. Karatasi inaniishia kwa hiyo sitajibu kila kitu. Lakini hata wewe hujajibu la kwangu la mtu wa Rombo. Ni nani? Nataka jina tu. Sina ubaya naye, nataka kumwambia kitu.

Eliufoo, mwenye kihamba


Tarakea, 2 Novemba 2024

Eliufoo mdogo wangu,

Marahaba.

Nimecheka mpaka nyonga ikaamka. Ulikuwa unapeleka kahawa chamani na maganda yake, wanaipeleka mjini inakobolewa, miaka yote hiyo hukujiuliza wanaivua nguo kwa nini? Ganda haliliwi! Rafiki yangu Lukresia ana mgahawa hapa sokoni, anakaanga kila siku, nimemuuliza. Anasema itwange taratibu kwenye kinu bila kuipasua, mpaka ganda liachie, kisha ipepete kwenye ungo kama mpunga. Ukaange kwa moto mdogo huku unakoroga, usiondoke kwenda kumtukana Sifael. Ikiwa rangi ya ng'ombe wako, umepitiliza. Ikiwa rangi ya zizi la mbao, ipua.

Na kopo lisimame wima.

Mvua zimeanza. Mwanangu Sirili mdogo amepata kazi ya kupandisha wageni mlimani kwa njia ya Rongai, namwombea. Kuhusu mambo mengine, soko ni kubwa, watu ni wengi, siwezi kujua kila mtu anampa nani nini.

Hujanijibu.

Veronika


Machame, 24 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Huku mvua ni ya kutosha, nyasi zipo, ndama amekua ana tabia ya kunifuata, nadhani anaona nani mkubwa hapa.

Nimekoboa, nimepepeta, nimekaanga. Nilikuwa nimeshafikiria mwenyewe hivyo hivyo kabla barua yako haijafika, ila nilisubiri mvua itulie. Dada Veronika, harufu! Mwinjilisti Jackson alikuwa anapita barabarani kwenda kumwombea mgonjwa, akaingia akauliza mnapika nini. Mgonjwa akasubiri. Nilikaa pale jikoni na hiyo harufu nikakumbuka maghala ya chama, nikamkumbuka baba akipima magunia kwa jicho. Lakini hii ilikuwa harufu nyingine. Ile ya maghala ilikuwa ya magunia.

Sasa shida iliyobaki ni moja. Kopo linasimama wima, linaganda, mashine inakwangua bila kelele mbaya, lakini kinachotoka ni unga. Unga mkavu wa barafu, unamwagika mezani kama chumvi. Nimeirudisha mara ya pili, unga. Elinipendo anasema tuwape wageni na koleo. Loveness nimempigia kwa simu ya Jackson, ananiambia, "Babu, labda maziwa yako hayana mafuta." Maziwa yangu! Nikamgeukia Elinipendo, kumbe kila siku anayaacha yakae, anaengua malai yote juu anatengenezea siagi. Anaitunzia mke wa mdogo wake Aminieli anayejifungua Januari, na mzazi ndiye wa kwanza, hilo sibishi. Mimi nimekuwa nakoroga maji meupe.

Umeniuliza tena. Fundi mzuri anajua kwa pua.

Julius ameniambia kwako kuna vitalu vya miche kuanzia jikoni mpaka kwenye geti. Miche ya parachichi. Nimemwambia Julius aende akapime macho.

Krismasi njoo. Tutachinja. Kidari chako kama dada mkubwa nitakuwekea, hata ukija umechelewa hakuna atakayekigusa.

Eliufoo


Tarakea, 15 Desemba 2024

Eliufoo,

Marahaba.

Sitaweza kuja Krismasi. Nyonga.

Julius anakuletea gunia dogo. Ni parachichi, yameiva, mengine yameiva sana, usiyaache juani. Najua ukiyaona utataka kuwapa mbuzi. Kabla hujawapa, fikiri: mashine inataka mafuta, na malai ni ya mzazi. Tunda hili ni mafuta matupu. Lukresia anasaga parachichi na maziwa kila siku, linakuwa laini kama losheni. Ponda moja, changanya na kahawa yako na sukari kabla hujagandisha.

Usipotaka, basi. Ni wewe na unga wako.

Sina la kusema zaidi kuhusu parachichi.

Macho ya Julius ni mazima.

Dada yako


Machame, 29 Desemba 2024

Dada Veronika,

Shikamoo. Nimeandika barua hii siku mbili kwa sababu mkono unachoka, na kwa sababu nyingine.

Tuko wazima wote. Nyumba ilijaa, watoto wamelala mpaka kwenye stoo. Mbuzi alitosha. Kidari chako nilikiweka mpaka jana, kisha nikampa Elinipendo kwa niaba yako, alikubali haraka sana.

Gunia lako lilipofika nililiweka nje. Nilisema tunda hilo haliingii jikoni kwangu. Nikajaribu tena kwa maziwa peke yake. Unga. Mkesha wa Krismasi nikamwambia Elinipendo, kama mtu angekuwa ameponda parachichi kwa bahati mbaya nikiwa zizini, mimi nisingejua. Nikaenda zizini. Nilikaa huko muda mrefu, ng'ombe wakanishangaa. Niliporudi makopo yote yalikuwa yamo kwenye friza na mwiko ulikuwa umeoshwa.

Baada ya ibada na chakula, Aminieli akasimama. Unamjua akisimama, anashika mkanda kama diwani. Akasema, "Wazee, ndugu, tuna jambo la kihamba." Nikamwambia, "Kaa chini. Jambo la kihamba halizungumzwi na koo kavu." Nikafungua kopo la kwanza mbele yao, nikalifunga kwenye mashine. Watoto wakasogea. Mashine ikalia kidogo, kisha ikawa inakoroma kama paka aliyeshiba. Nikafungua. Dada, ilikuwa laini. Rangi ya udongo wa hapa uliolowa, na ina mng'ao. Kijiko kikisimama hakianguki. Nikaweka kwenye kikombe, nikampelekea Aminieli wa kwanza kwa mikono miwili, ili aone baba yake hana kinyongo.

Akakataa kupokea. Akaniangalia akasema, "Baba, tangu lini mgeni anakunywa kabla ya mwenye nyumba? Pombe ya mbege ukitupa unaanza wewe. Anza."

Watu wote wakasema kweli. Sifael naye, aliyekuja kwa sababu alisikia mbuzi, akasema, "Meku, anza, tuone kama haina sumu." Na huwezi kukataa hilo, wewe unajua. Mwenye kibuyu asipoanza, mgeni anainuka anaondoka, na ana haki.

Nilisimama na kikombe. Nitakujibu swali lako sasa. Sijawahi. Hata siku moja. Nimepalilia, nimepulizia dawa, nimevuna, nimebeba kwa kichwa mpaka chamani na mvua inanyesha, nimegombana na makarani wa mizani, nimekata kichaka cha Sifael kwa sababu kilitia kivuli miti mitatu ya kahawa. Kuinywa sijawahi. Nilikuwa napigana na watu wasing'oe kitu ambacho sikijui.

Nikanywa.

Aminieli akauliza, "Ikoje?" Na mimi, dada, ambaye unasema sina breki ya mdomo, nikarudisha kikombe mdomoni. Nikanywa tena. Ilikuwa chungu kidogo, kisha tamu, kisha kuna kitu kama ndizi iliyoivia shambani, halafu inabaki. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha mtoto. Nikasema, "Kumbe ndiyo hii tulikuwa tunaipeleka." Hicho tu.

Elinipendo akaninyang'anya kikombe akaonja. Akasema, "Eliufoo, tumeuza hii? Maisha yote?" Kisha Loveness akanywa, kisha watoto, kisha makopo yote yakaisha na wajukuu wakagombania kulamba kisu cha mashine mpaka Goodness akawachapa. Aminieli alikunywa mwisho. Alikunywa amesimama dirishani anatazama kihamba. Nikajua nimeshinda nikaanza kusema hotuba, akaniambia, "Baba, subiri. Utamu haufanyi miti ya bondeni ipone. Ile ya kule chini imeoza mizizi, unajua." Nilijua. Nilikuwa natembea kule peke yangu ili mtu asiione.

Basi tulishuka wote na vumbi la Krismasi kwenye viatu. Nilikata masale, majani yetu ya mpaka, nikachomeka mwenyewe, mstari kutoka mfereji mpaka kwenye mti mkubwa wa mruka. Chini ya mstari, parachichi. Juu ya mstari, kahawa ya baba haiguswi, na Aminieli ameahidi mbele ya watu kwamba msimu ujao gunia moja halitauzwa. Litabaki nyumbani litanywewa. Sifael ni shahidi, ingawa alikuwa na kikombe cha tatu mkononi.

Nilisema masale yangu hayasogezwi hata nikifa. Aminieli akasema, "Nani atathubutu?" Akacheka, akanishika bega. Hajanishika bega tangu alipooa.

Sasa miche iko kwenye uzio inasubiri masika. Aliyeitoa aje aonyeshe umbali wa shimo na shimo. Sisi hatujui parachichi. Sitamuuliza kitu kingine.

Eliufoo


Tarakea, 10 Januari 2025

Mdogo wangu Eliufoo,

Barua yako niliisoma gengeni kwangu sokoni, nikaomba mtu anishikie biashara, nikaisoma tena ndani.

Ni mimi. Miche ni yangu yote. Aminieli alikuja mwezi wa saba amekonda, anasema baba anazeeka kwenye miti inayokufa na hataki kuambiwa. Nikampa. Sikumwambia ang'oe ya baba, hilo kalitoa kichwani mwake. Lakini sikumwambia asing'oe pia. Halafu barua yako ya kwanza ikaja na mafuta ya maandazi, unaniomba nimtafute mtu wa Rombo, na kila nikitaka kuandika jina kalamu inaenda kwenye nyonga.

Nyonga haijambo. Ilikuwa haijambo tangu Novemba.

Na mimi nina jambo la kukuambia, kwa kuwa wewe umesema lako mbele ya watu na mimi nimekuwa nakuchokoza miezi mitatu. Mimi nami sijawahi kuinywa. Lukresia anaikaanga mbele yangu kila siku, mimi naagiza chai. Ninachokijua ni zile mbivu tulizokuwa tunaiba nyuma ya zizi tukiwa wadogo, nyekundu, tunanyonya utamu wa juu, kisha buni tunaitema kwenye kiganja na kuirudisha kapuni, maana buni ilikuwa ya baba.

Nakuja Jumatano na basi la asubuhi. Mashimo utachimba wewe, mimi nitakaa kwenye kiti niseme kushoto, kulia. Na usinipe kwenye kikombe cha wageni. Nipe kopo zima na kijiko, uondoke, nile peke yangu.

Veronika